Shati la Kinyozi

Darasa la tatu kutoka langoni,
Shule ya msingi tulimohifadhiwa.
Jumatano, siku ya kumi na tatu tangu kimbunga.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla hujakaa na kabla hujaanza kutafuta miwani, ujue kwanza kwamba kaka yako yu hai. Ameumia kichwa, ameshonwa nyuzi tisa na amekonda, lakini anakula, na jana alimlalamikia muuguzi kwamba chai ya wodini ni maji yaliyopitishwa karibu na majani. Sasa kaa usome polepole.

U hali gani, Shangazi yangu? Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukisimama sana jikoni? Na wale wajukuu wawili, wameacha kung'ang'ania kitanda kimoja? Mimi ni mzima, ila nina kikohozi kidogo cha kulala sakafuni. Usinilaumu kwa ukimya. Minara ya simu imelala chini na mpaka leo hakuna simu inayotoka hapa, kwa hiyo barua hii anakuletea dereva wa lori la maji, ambaye kesho anarudi huko kwenu. Mpe angalau kikombe cha chai, na isiwe kama ya wodini.

Nina ombi, na ni kubwa. Ila nikilisema bila maelezo utaniuliza maswali ambayo sitaweza kukujibu kwa wiki nzima, kwa hiyo nivumilie, nitaanzia mwanzo.

Tuko watu ishirini na sita wa mtaa wetu katika darasa moja. Madawati tumeyasukuma ukutani, na ubao bado una hesabu za kugawanya ambazo hakuna anayethubutu kuzifuta. Mwokaji mikate, yule jirani yetu wa kushoto, anakoroma mpaka vioo vinaitikia. Mimi nimepata beseni moja na kipande cha sabuni, nafulia darasa zima. Dobi akikaa bure mikono inamwasha, unanijua.

Kazi yetu kubwa ni kuulizia habari za mtaa. Kila lori likiingia tunalizunguka kabla dereva hajazima injini. Siku ya nne dereva mmoja alisema ameona mtaani kwetu nyumba yenye geti la kijani imesimama wima. Wanawake wanne wakashukuru Mungu kwa pamoja, kisha wakatazamana. Umesahau kwamba mwaka ule fundi rangi alibakiwa na madebe, akapaka kijani mtaa mzima? Walinuniana siku mbili kwa ajili ya geti ambalo hakuna aliyeliona.

Tunachokijua kwa hakika ni hiki. Nyumba yetu imepoteza ukuta wa upande wa barabara, kwa hiyo chumba ulimokuwa ukilala ukija sasa kinaonekana na kila apitaye. Nguzo zangu za kuanikia zimebaki, kamba hazipo. Kiwanda cha mikate kimesimama, maana paa lake ni la zege. Kwa kinyozi kimebaki kiti peke yake, kimetazama mahali palipokuwa na kioo.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ombi langu linamhusu kinyozi.

Siku ya kutuhamisha kwa malori, kaka yako aligoma. Nasema kaka yako, si baba yangu, kwa makusudi, maana anapokuwa mkaidi namrudisha kwenu alikotoka. Alikuwa na redio kumi na moja za kutengeneza mezani, nyingine zimefunguliwa, na akasema hawezi kuacha vitu vya watu vikiwa utumbo nje. Nilimsihi, nikalia, nikamtishia kwa jina lako. Akaniambia nitangulie. Lori lilikuwa linaondoka. Nilipanda, na hilo sitajisamehe upesi.

Kinyozi alikuwa ameshapanda. Alikuwa amekaa karibu na mkewe, mkoba wa mashine zake za kunyolea magotini. Aliponiona naangalia nyuma, alimpa mkewe mkoba akashuka. Alisema anakwenda kumleta yule mkaidi na watafuata na lori la pili. Shangazi, lori la pili halikuja.

Kwa hiyo hapa darasani tulikuwa wanawake wawili tusio na habari, mimi na Mama Kinyozi. Tuliweka mikeka yetu pamoja. Hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba mumewe yuko kule kwa sababu ya baba yangu. Ningefarijika kama angenisema.

Siku ya tisa ikaja karatasi kutoka hospitali ya ng'ambo ya mto. Muuguzi mmoja aliandika habari za wagonjwa wasiojulikana, zibandikwe mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu. Mmoja alikuwa mzee mwembamba mwenye mvi, kichwa kimefungwa bandeji, hajatamka neno tangu aletwe, mifukoni hana kitu. Shati la buluu lililopauka. Na muuguzi yule, Mungu ambariki kwa macho yake, akaandika pia kwamba ndani ya kola, nyuma, kuna mishono miwili ya uzi mwekundu na mmoja mweupe.

Unajua hiyo ni nini. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha. Kila nyumba ina alama yake ndani ya kola, ili nguo za watu zisichanganyike. Nyekundu mbili na nyeupe moja ni nyumba ya kinyozi. Mama Kinyozi alinishika mkono, akanipeleka mlangoni, akaniomba nimsomee na nimthibitishie. Nikathibitisha. Alipiga magoti palepale, na darasa zima likamjia. Hata mwokaji alilia, akidai ni vumbi la chaki.

Nililia naye, nikafurahi naye kweli, nikarudi kwenye beseni langu. Nilikuwa naloweka shuka ndipo nikakumbuka, na maji yote yakawa ya baridi ghafla.

Shangazi, kuna jambo ambalo dobi halifanyi, na mimi nimelifanya. Nguo za nyumbani kwetu hufuliwa mwisho, baada ya za wateja, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama. Kwa hiyo asubuhi ile ya kuhama mashati yote ya kaka yako yalikuwa ndani ya maji. Alikuwa amesimama na fulana, upepo umeshaanza. Nikachomoa shati la juu kwenye furushi la kinyozi, lililopigwa pasi tayari, nikamvika na kumwambia kwamba kinyozi hatajua. Shati la buluu. Na kinyozi ana mashati mawili ya buluu, aliyanunua siku moja, na lile la pili ndilo alilokuwa amevaa kwenye lori.

Kwa hiyo alama ni ya kinyozi, lakini mtu angeweza kuwa yeyote kati yao wawili. Na hapa darasani aliyejua hilo ni mimi peke yangu.

Nitakuambia ukweli wa moyo wangu, maana wewe ndiye niliyekuwa nakimbilia nikivunja vyombo. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilitamani awe baba yangu, na kutamani hivyo kulikuwa ni kumtoa mume wa mwenzangu kitandani na kumrudisha kwenye maji ya mafuriko. Mama Kinyozi alikuwa ameshachana nywele. Alikuwa ameazima khanga safi kwa mke wa mwokaji, anasubiri lori la mchana. Nikafikiri niache aende, atajionea mwenyewe. Kisha nikaona kwamba kama ni kaka yako yuko kitandani, atafika pale akiwa peke yake, atamkuta mtu asiye wake, na hatakuwa na mtu wa kumshika.

Nikamfuata na mikono yangu yenye povu, nikamweleza yote, hata lile neno la kwamba kinyozi hatajua. Nilitegemea anipige, na nisingekwepa. Akakaa juu ya dawati, akakunja ncha ya khanga, akaikunjua.

"Basi nusu ni wangu, nusu ni wako," akasema. "Twende wawili."

Njiani alikuwa amenishika kidole gumba kama anavyoshikwa mtoto sokoni. Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na dirisha. Kutoka mlangoni niliona miguu imetoka nje ya shuka, na kidole kile kikubwa kilichopinda ambacho ninyi nyote mmekirithi. Nilijua. Na yeye alijua kwa kunitazama mimi, kabla hajamtazama mgonjwa.

Yeye ndiye aliyetangulia kitandani. Akamwinua kaka yako kichwa, akamnywesha maji, akamfuta kidevu kwa ile khanga ya kuazima. Nilimwambia anisamehe. Akasema amekuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa ndiye huyu hapa.

Kaka yako alikuwa hajasema neno tangu aletwe. Alimtazama Mama Kinyozi, akasema, "Alinisukuma. Mimi nilikataa, yeye akanisukuma."

Kisha ikatoka yote, vipandevipande, na mimi nakupangia. Maji yalipoingia walipanda juu ya paa la kiwanda cha mikate, wakakaa huko na watu wengine sita usiku na mchana. Ikaja boti ndogo ya waokoaji ikiwa na nafasi moja. Kaka yako alikuwa ameshapasuka kichwa kwa bati lililoruka, lakini bado alikuwa anabishana kwamba kinyozi ana mke anayemsubiri. Kinyozi hakubishana. Alimbeba, akamtia botini kama furushi la nguo chafu. Waokoaji wakawaambia waliobaki wasubiri boti kubwa, na kwamba hao hawataletwa huku kwa sababu kumbi zimejaa. Watashushwa mji wa chini, penye daraja la reli.

Shangazi, huko ni kwenu.

Kaka yako alimaliza kwa kumwambia Mama Kinyozi kwamba amevaa shati la mumewe, na akaanza kufungua vifungo. Mama Kinyozi akavifunga tena kimoja kimoja.

"Hilo, mzee, utamrudishia mwenyewe," akamwambia.

Sasa unalijua ombi langu. Karani wa hapa anasema orodha za mji wenu hazijafika, na hakuna ajuaye lini zitafika. Nakuomba uende. Nenda hospitali ya karibu na stesheni, nenda kwenye shule, nenda popote walipolazwa watu. Usiulize kwa majina tu, maana wapo wasioweza kuyasema. Geuza kola. Kwenye kona ya juu ya karatasi hii nimeshona alama yenyewe kwa uzi ule ule, nyekundu mbili na nyeupe moja, ili uwaonyeshe wauguzi. Kama wameshambadilisha nguo, ni mwembamba, anachechemea mguu wa kushoto, na hutazama kichwa cha mtu kabla ya uso. Ukiona mzee anazihuzunikia nywele zako, ndiye huyo.

Najua miguu yako. Nisingekutuma kama ningekuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Mama Kinyozi amebaki na kaka yako wodini, anampigania chai yenye majani, na kila gari likisimama nje anakwenda dirishani. Mimi nimerudi hapa kukuandikia, na kesho narudi kwao.

Kama jibu ni baya, niandikie mimi, usimwandikie yeye. Nitamwambia nikiwa nimemshika.

Nisalimie Mjomba mumeo na umwambie redio yake ilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja, asiiulizie. Nisalimie binamu yangu mkubwa na mkewe, na wale wajukuu wawili uwabusu kila mmoja kwenye kitanda chake. Mwokaji anakusalimu pia, anasema anakumbuka ulivyomtania kuhusu kitambi. Sasa hana.

Mungu aitie nguvu miguu yako, Shangazi, na ayafungulie macho yako kila mlango utakaoingia. Na ukimkuta kinyozi, usianze kumwambia habari za duka wala za nyumba, wala hata za mkewe. Mwambie kwanza kwamba kaka yako alifika. Hilo ndilo atakalokuwa amelala akijiuliza siku zote hizi.

Ni mimi binti yako akupendaye bila kupungua,
Dobi.