Miali ya Gama Iliyokupeleka Kasanga

Baba,

Nimemlipiza. Nakwambia kabla sijakuamkia, maana neno hili nimelibeba tangu jana. Shikamoo.

Ni yule katibu wa kijiji aliyekucheka mkutanoni. Uliwaeleza wazazi ulichosoma katika gazeti la sayansi ulilopewa na mapadri: mitambo ya Wamarekani, iliyorushwa angani kuvizia majaribio ya mabomu ya atomiki, imenasa milipuko ya miali ya gama, mwanga wenye nguvu usioonekana kwa macho, isiyotoka duniani wala kwenye jua. Ukasema, "Upande inakotoka wanaweza kuukisia. Umbali hawaujui. Mimi nahisi ni mbali kupita nyota zote mnazoziona."

Akadakia, "Umepima kwa kamba, Mwalimu?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye nyasi na Mama, sikujua niangalie wapi. Wiki ile ile akaandika wilayani kwamba unatisha watu kwa maneno ya mabeberu. Wakakuhamishia Kasanga. Ukapanda lori na homa yako, juu ya magunia ya mahindi. Viatu vyako tu ndivyo vilivyorudi; wewe ulizikwa huko huko.

Sasa mwalimu wa sayansi hapa ni mimi. Jana alikuja mkaguzi kutoka Sumbawanga, na katibu akajiwekea kiti mbele kabisa. Nikafundisha somo lako. Mkaguzi akauliza wataalamu wanasemaje siku hizi. Nikamjibu kuwa bado wanabishana: wengi wanadai milipuko iko humu humu katika kundi letu la nyota, wachache wanasema mbali, kama wewe.

Kisha nikasema, "Aliyenifundisha haya aliondolewa shule hii kwa sababu ya swali hili. Aliyemwondoa ni huyu hapa mbele."

Mkaguzi akafungua daftari, akamwuliza jina. Katibu akaanza, "Mimi nili... nilitekeleza tu..." Akagugumiza hivyo mbele ya wanafunzi wote.

Nilidhani nitaona haya. Wapi! Nimelala usingizi mzuri, Baba.

Mama anasema inatosha, nimsamehe. Bado. Kila mwaka nitafundisha somo lile, na nitataja jina lako, halafu lake. Siku umbali utakapojulikana, ikiwa ulikosea nitakuja kaburini nikwambie wazi. Ikiwa ulipatia, nitamleta yeye, kwa miguu yake, akusomee jibu kwa sauti.

Pumzika, Baba. Mimi bado.

Mwanao,
Skola