Nukta za Kurudi

Jumapili, 3 Machi

Matope hadi masikioni. Mara ya tatu hii!

Kwenda hakuna shida. Nukta za njano alizochora Mzee kuonyesha njia zipo zote, ndogo kama kifungo cha shati, kwenye mti au mwamba, usawa wa macho yake – na baba mkwe wangu alikuwa mrefu kama mlingoti. Unafuata ufuo, unapanda kilima cha mawe huku gia za baiskeli zinalia, unashuka kwenye mikoko, unavuka mlango wa mto juu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa. Ng'ambo kuna nyumba ya pampu. Hapo nukta zinakwisha. Mzee alikuwa akirudi na kivuko, na kivuko kimekufa tangu mwaka jana. Ukichelewa nusu saa tu mchanga umefunikwa. Wanasema kuna daraja la miguu huko juu mtoni, lakini vijia ni vingi na vyote vinaishia kwenye tope. Nimezunguka tena kwa lami, kilomita thelathini, malori yananipulizia vumbi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakuuliza kama nimechoka. Aliuliza nimeona nini.

Nikamjibu bila kufikiri: hakuna kitu, Mama, ng'ambo hakuna hata nukta moja.

Akaingia jikoni, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke bila chombo. Ningeuma ulimi wangu kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Niandike mambo yakae sawa, maana kichwani yamekuwa uji.

Ilikuwa Alhamisi, miezi mitano iliyopita. Mzee aliaga kwamba anakwenda kwa Fundi kurekebisha breki. Mchana akapatikana ng'ambo, ameketi chini ya mti, kofia ya baiskeli mapajani, moyo umesimama. Fundi hakumwona kabisa siku ile. Mlinzi wa pampu akasema yeye amemwona kule mara tano kabla ya hapo. Basi watu wakapata la kusema. Ng'ambo kuna nini? Kuna nani? Midomo ya watu haina breki.

Mama hasemi neno. Leo tu, tukikunja nguo, alisema bila kuniangalia:

"Miaka thelathini na nane hakunidanganya. Akaja kunidanganya mara moja, akafa nayo."

Nilikunja shuka moja mara tatu.

Ndiyo maana nakwenda kule. Stoo kuna nafasi ya kopo moja la rangi ambalo halipo. Nimejishikilia hapo tu. Kama alikuwa anachora njia ya kurudi, lazima ameacha alama! Nataka moja tu, nimletee. Mume wangu anasema niache, nitamtonesha mama yake kidonda. Yeye ni mtu wa kuacha mambo. Mimi king'ang'anizi.

Jumamosi, 9 Machi

Mama kasema atakwenda mwenyewe. Kwa baiskeli. Ana miaka sitini na mmoja!

Nikacheka. Hakucheka.

Mzee alimbembeleza miaka nenda rudi waendeshe pamoja, jibu likawa lilelile: magoti, macho, na mimi na mawe yale tumekosana nini. Macho ni kweli. Kazi yangu ni miwani, nimempima mwenyewe. Hata akivaa, vya mbali kwake ni ukungu. Mzee aliwahi kuja dukani kuniuliza: mama yenu akiwa hatua kumi, anaona kitu cha ukubwa gani? Nilidhani anataka kumnunulia saa ya ukutani. Nikamwonyesha mfuniko wa chupa yangu kubwa ya dawa ya kusafishia lenzi. Akauomba, akautia mfukoni, akaondoka anapiga mluzi. Chupa ile mpaka leo nimeifunika kwa karatasi.

Fundi ametupa fremu ndogo kuliko zote, akashusha kiti hadi mwisho. Tukaenda uwanja wa shule. Mama aliendesha zamani akiwa msichana, anasema mwili hausahau. Mwili umesahau kona. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye goli, akaanguka kwenye majani. Nilikimbia roho mkononi. Akainuka, akapangusa suruali ya mazoezi ya mume wangu aliyoikunja mara nne, akasema goli limemfuata.

Nampenda huyu mama, jamani.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Mama kaikasirikia kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Alhamisi, 21 Machi

Jana na leo tumefika kilima cha mawe. Anasukuma panapopanda, anakanyaga panaposhuka – na anashuka vizuri! Ila haangalii mbele. Macho yapo kwenye tairi la mbele tu. Nikamwambia inua kidevu, Mama, utagonga mtu. Akasema huko mbele hakuna anachokiona, akiinua kidevu ataona nini.

Nimeangalia jedwali la maji. Jumamosi yanakupwa saa nne na nusu. Ni Jumamosi, basi.

Asubuhi nilikuta kengele ya Mzee, ile ya shaba, imefungwa kwenye baiskeli ya Mama. Nikamuuliza mume wangu. Akasema hajui imefikaje pale. Mikono yake inanuka grisi. Sikumbishia, nilimkumbatia tu.

Jumamosi, 23 Machi

Naandikia hapa hapa, chini ya mti. Daftari lina tope.

Nianze mwanzo. Tuliuvuka mchanga saa nne na nusu kamili. Mama alishuka, akavua viatu, akasukuma baiskeli peku, maji ya vifundoni. Alikuwa anaogopa. Nilimwona anavyobana midomo.

Mlinzi wa pampu alitoka kutusalimu, akampa pole Mama kwa mikono miwili. Akasema mti wenyewe uko mbele, penye njia panda. Kisha akaongeza, kwa aibu kidogo, kwamba Mzee kila alipokuja alikuwa anapenda kupiga magoti njiani. Alidhani anasali.

Nikatangulia. Kidevu juu, kama kawaida yangu. Naangalia vigogo, naangalia matawi, usawa wa macho ya mtu mrefu. Hakuna. Hakuna. Nikaanza kutunga maneno ya kumfariji.

Nyuma yangu kengele ikalia.

Nikageuka. Mama kasimama, mguu mmoja chini, anaangalia ardhi mbele ya tairi lake.

"Mwanangu, hii nini?"

Jiwe, pembeni ya njia, limelala chini kabisa. Nilipangusa majani makavu kwa kiganja. Njano! Na si kifungo cha shati. Mduara mkubwa, ukubwa wa mfuniko wangu!

Nilihesabu hatua. Moja, mbili... kwenye ya kumi ilikuwapo nyingine, juu ya mzizi. Nyingine hatua kumi, chini ya nyasi zilizoota juzijuzi. Mara tatu nimepita hapa! Mara tatu nimekanyaga jibu kwa tairi langu, mimi, mwuza miwani! Nilikuwa namtafuta Mzee, na yeye hakujichorea mwenyewe njia hii.

Palipo na mteremko mkali, nukta zinakwepa, zinazunguka kwa taratibu. Palipo na mawe, mawe yamesogezwa. Mtu mwenye moyo mbovu amebeba mawe yale.

Nikamweleza Mama habari ya mfuniko. Yote, tangu swali la hatua kumi. Alisikiliza akiwa ameushika usukani. Kisha akaketi njiani, akalia kwa sauti, kilio cha miezi mitano. Nikaketi naye. Nililia pia, kwa nini nijizuie?

Mwishoni akajifuta kwa mguu wa suruali iliyokunjwa.

"Mjinga huyu. Si angeniambia tu?"

"Ungekataa, Mama."

Akafikiri kidogo.

"Ningekataa," akasema.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyetangulia. Kidevu chini, kengele kila nukta. Nilihesabu kengele hamsini na tatu.

Ya mwisho iko hapa, kwenye mzizi wa mti huu. Nusu mduara. Kopo lilikuwa limedumbukia kati ya mizizi, rangi imekuwa jiwe, brashi ndani, na mfuniko wangu umelala juu yake. Mama hakulia tena. Aliupangusa mfuniko kwa pindo la fulana yake, akauweka juu ya nusu duara. Ukaenea.

Sasa ni saa saba kasoro. Maji yanajaa, nayasikia yanavyoingia mikokoni, na mchanga umeshafunikwa. Mbele vijia ni viwili. Kimoja kinafuata mto, kingine kinapanda kichakani. Kimoja kinakwenda darajani, labda. Nimempigia mume wangu, amesema atakuja na gari hadi kwenye pampu, tumsubiri pale. Nimemwambia Mama. Amesema mwambie atungoje nyumbani.

Kisha akaniuliza kama nina rangi yoyote. Rangi nitoe wapi? Kwenye pochi ya viraka vya tairi kuna kipande cha chaki ya kuwekea alama, basi. Nikamwambia chaki mvua itaifuta. Akasema tutarudi na rangi.

Amekijaza kwanza kile kinusu duara, polepole, ulimi umetokeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Sasa anahesabu hatua kwa miguu yake mifupi, kumi, kwa sauti. Amechagua kijia kinachopanda. Hajaniuliza. Sijui kama ndicho. Amepiga magoti, ameweka mfuniko juu ya jiwe, anazungushia chaki.

Anapiga kengele. Ananiita niache kuandika, nije niseme kama kutoka huku nyuma inaonekana –