Maji ya Gunia la Mbolea

Jumatatu, 6 Machi 1972
Sayansi, darasa la saba. Neno la leo: chumvi. Niliuliza wanaijua ipi. Ya mboga. Ya ng'ombe kulamba. Magadi. Mmoja akasema babu yake amekula chumvi nyingi, darasa zima likacheka. Nikawaambia kwa mwanasayansi chumvi ni kile kinachopatikana asidi na besi zikikutana, na ziko nyingi. Hata mbolea ya majani chai ni chumvi, tena si ya kuonjwa. Nilijiona profesa.
Jioni nimefua magunia mawili ya mbolea aliyonipa Mama Chebet, mwenye nyumba wangu. Yalikuwa na mabonge chini. Hapa Merigi gunia zima halitupwi. Yatafaa kuwekea mahindi.

Jumanne, 7 Machi
Ng'ombe wa Mama Chebet amekufa. Yule mweusi, mwenye mimba. Povu mdomoni, kutetemeka, tumbo kujaa. Saa nne alikuwa chini. Mama Chebet anamshuku shemeji yake Kiprono. Waligombania mpaka wa shamba mwezi uliopita. "Ng'ombe yangu haikuwa mgonjwa, mwalimu. Mtu alipatia yeye kitu." Nimempa pole. Masikini Mama Chebet.

Jumatano, 8 Machi
Nimepita kwenye mtaro nilikomwaga maji ya magunia. Alama za kwato mpaka ukingoni. Matope yamelambwa.
Ni mimi.
Ng'ombe hufuata chumvi popote, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nimefukia mtaro kwa jembe. Nilijiambia ni ili wengine wasinywe. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Alhamisi, 9 Machi
Wazee wameamua Kiprono aape Jumamosi. Hapa kiapo si mchezo. Watu wanaamini kinafuata mpaka watoto. Hata akiapa kweli, nani atamwamini tena?
Mimi ni Mkisii, mgeni. Chumba ni cha Mama Chebet. Hata ng'ombe ninayemkamua ni wake. Alinikabidhi bila kuombwa, desturi yao kwa rafiki. Naogopa. Mwalimu mzima, mwoga kama kuku.

Ijumaa, 10 Machi
Mama Chebet aliniita chai. Nilienda. Alilia kidogo, nikamshika mkono. Sikusema. Najichukia.

Jumamosi, 11 Machi
Nimesema.
Wazee walikuwa wameketi, Kiprono amesimama, kofia mkononi. Niliinuka kabla hajafungua kinywa. Magunia, mabonge, mtaro, yote. Mzee mmoja aliuliza kama mbolea ni chumvi kweli. Nikasema ni chumvi, na inaua. Akatikisa kichwa muda mrefu. Wakaahirisha habari ya fidia. Kiprono alivaa kofia yake akaondoka bila kumwangalia mtu.
Mama Chebet aliuliza nilijua lini. Jumatano, nikasema.
"Na jana ulikunywa chai kwangu."


Jumapili, 12 Machi
Mvua ya asubuhi. Kanisani Kiprono alinipa mkono mlangoni. Mama Chebet alikaa benchi la mbele, hakugeuka.
Mchana alikuja mwenyewe kumchukua ng'ombe wake. Nilimfungulia kamba. Baadaye niliosha ndoo yake ya kukamulia, nikaipeleka kwake, nikaiacha kando ya mlango.