Mchoro Wako Hauna Mtu

Mpendwa Mwakio,

Huku Voi tu wazima, ila stima imepotea tena tangu asubuhi na mjomba wako anailaumu mvua ambayo hata haijanyesha. Mama yako anakusalimu.

Nimeutazama mchoro wako wa mtambo wa kutoa stima kwa mawimbi ya bahari huko Kilifi. Unaniuliza kama utafaulu. Mimi bahari naijulia wapi? Ninachojua ni pampu ya upepo iliyovuta maji ya kanisa letu kule Mwatate, nilipokuwa msichana wa kwaya.

Siku moja gurudumu lake lililia kama punda, kisha likagoma, na upepo ulikuwa wa kung'oa mabati! Wazee wa kamati wakafanya kikao baada ya kikao. Eti upepo wa siku hizi ni dhaifu. Sisi wasichana tukarudia kubeba maji ya mtoni kichwani. Nikachoka nao. Nikalifunga gauni kiunoni, nikapanda mnara wa pampu na mafuta ya cherehani ya mama, nikayamimina palipokauka, kama tulivyozoea cherehani ikikwama. Gurudumu likazunguka, maji yakaja.

Jumapili wakamshukuru Mungu kwa kurudisha upepo! Hadi leo nikikumbuka nakereka.

Mjukuu wangu, mawimbi hayatagoma, na chumvi nayo haitagoma kula chuma. Mchoro wako ni mzuri, una kila kitu. Nimemtafuta mtu mwenye kopo la mafuta, sijamwona. Mchore kwanza, maana magoti yangu mimi hayapandi tena.

Nyanya yako