Lango Moja, Nyumba Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Bati la mwisho limepigwa leo. Nyumba kumi na mbili zinatazamana, uwanja katikati, bomba moja, banda moja la kupikia, lango moja. Nilizichora mimi. Mafundi wakapiga makofi, injinia Nelson akanunua soda. Nilikunywa ya kwangu mpaka chini. Sikumbuki ilikuwa soda gani.

Watu wa mafuriko wanakabidhiwa funguo Ijumaa ya tarehe 14. Wamezoea kukaa mbalimbali migombani, sasa watakaa mjini, ndiyo maana nilitaka wakutane. Kwenye andiko la mradi niliandika: mtu asiweze kutoka kwake bila kumsalimu jirani. Maneno matamu! Niliyaandika mwezi mmoja baada ya kumzika Ipyana, mume wangu. Nilikuwa nafanya kazi kama mashine ya kukoboa — inazunguka tu, hata mpunga ukiisha.

Jumanne, 4 Februari

Wanawake wamekuja kuangalia. Mmoja akauliza kokoa itaanikwa wapi. Nikamwonyesha uwanja. Akasema haya, na kuku wa jirani je? Nikacheka. Mdomo tu ndio uliocheka.

Rut naye alikuja, mke wa shemeji Ezra. Wao wamepewa namba tano. Baba mkwe wetu, mzee Ambakisye, namba nne. Nilidhani nimewafanyia wema. Rut alisimama langoni, hakuingia. "Gwe dada, mimi nitapitaje hapa?" Sikuelewa. Akanieleza polepole kama anayemweleza mgeni: mlango wa mzee unatazama bomba, unatazama na lango. Akienda kuchota maji, mzee yuko pale. Mzee akitoka, yeye yuko njiani.

Mimi! Mnyakyusa wa Ngana kabisa! Kwa mila yetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe; miaka tisa ya ndoa sijamtazama usoni. Nikisikia kikohozi chake naacha njia, naingia migombani. Wengi siku hizi wameacha. Yeye hajaacha, nasi hatumvunjii heshima. Ila mimi sikuwahi kuhangaika — Ipyana alitangulia njiani, Ipyana alipeleka chakula, Ipyana alisema kwa niaba yetu wote wawili. Nikachora kana kwamba duniani hakuna wakwe.

Jumatano, 5 Februari

Mvua. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Februari

Ezra amepiga simu. Mzee ameikataa nyumba. Kasema hawezi kuwafungia wake za wanawe ndani kama kuku, bora abaki ukumbi wa kanisa. Na ana kifua! Analala kwenye mkeka pale tangu mafuriko ya mwaka jana.

Nelson anasema asiyechukua funguo siku ile anafutwa, nyumba anapewa mwingine. Kubadilishana namba hakusaidii, zote zinatazamana. Nikamwomba tutoboe nyuma: mzee apate mlango wake na kijilango cha kutokea barabarani. Akafungua andiko, akanisomea sentensi yangu mwenyewe. Wafadhili wameipenda hiyo, akasema. Kwani hawawezi kuzoea? Mtu wa Moshi, atajuaje. Sikukasirika. Ningependa kukasirika.

Jumatatu, 10 Februari

Rut amesema yeye ndiye aondoke, arudi kwao, ili mzee apate pa kulala. Mimba ya miezi saba! Mzee akaleta neno kupitia Ezra: hapana, wa kukaa nje ni yeye. Wanasukumiana nyumba kama kipande cha mwisho cha nyama. Hakuna anayenilaumu. Wangenisema, ningejua pa kuanzia.

Alhamisi, 13 Februari

Nelson yuko Mbeya. Nimekuja saiti peke yangu, nimeingia namba nne, nimechora mlango kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma. Kesho alfajiri fundi Gwamaka ataleta nyundo — kama hataogopa. Nikifukuzwa kazi, basi.

Mvua imeshuka kubwa. Halafu nikasikia kikohozi.

Ni yeye. Yuko langoni. Ezra alishasema mzee anatamani kuiona nyumba walau mara moja, watu wakiwa hawapo, kabla haijapewa mwingine. Hakujua nimo. Sasa anajua, ameviona viatu vyangu mlangoni.

Nimejibanza chini ya dirisha, naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Siwezi kutoka bila kumpita.

Nimechungulia. Ameacha njia! Yeye, mzee! Amesogea kando ya lango, mvuani kabisa, ameupa uwanja mgongo, koti amelivuta mpaka kichwani. Ili nipite. Nikizidi kukaa humu atalowa, na kifua kile. Natakiwa niinuke sasa hivi.

Lile koti ni la Ipyana. Nguo zake ziligawiwa msibani, sikuuliza nani kachukua nini. Kwapa limeshonwa kwa uzi wa bluu. Nilishona mimi.

Nalia. Tangu mazishi sijalia, sasa nalia kwa sauti, na mlango uko wazi. Najua anasikia. Hajageuka. Ameongea kwa Kinyakyusa, si na mimi, na ukuta: Ipyana, mwambie mkeo asiharakishe, mimi nipo.

Mvua inampiga mgongoni. Bado nimekaa chini ya dirisha, na yeye hatasogea pale mpaka nipite.