Mkorosho Mmoja Unaozidi

Maskati

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Mimi mwili ni mzima. Kazi ghalani ni kupanga vipuri tangu asubuhi, na joto la huku halina adabu. Naandika kwa sababu simu ya nyumbani anaishika kaka Salum, naye akisikia sauti yangu anakata. Barua anakuletea jirani yetu Hamisi, na dada Zainabu atakusomea.

Tangu arobaini ya baba ipite, nagombana na Salum kwa sababu ya namba. Baba kaacha mikorosho elfu moja na tisa. Hiyo ni namba tasa: haigawiki kwa mbili, wala kwa tatu, wala kwa saba, wala kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Urithi wetu una mafungu manane: lako moja, sisi wanaume wawili mawili mawili, dada zetu watatu moja moja. Kila fungu linapata mikorosho mia moja ishirini na sita, na mmoja unabaki.

Nilisema upewe wewe. Salum akajibu, "Urithi si zawadi. Mama akizidishiwa, shemeji zako watanyamaza?" Nikasema basi korosho za mti ule zigawanywe kwa mizani kila msimu. Akacheka. "Wewe uko kwenye kiyoyozi unatupigia hesabu. Nani atashinda shambani kupimia mti mmoja? Kisichogawika kikatwe, tuishi kwa amani."

Amani gani hiyo inayoanza kwa shoka? Na mti aliouchagua ni ule wa pembeni, ulioupanda kwa mkono wako kwenye mstari wa baba, unaoswalia adhuhuri kivulini mwake.

Nimebishana na masheikh, na wanasiasa, na mabosi wa hapa, na sikumbuki lini nilikosa la kusema. Lakini safari hii nabishana na namba. Namba haina masikio, na Salum kayaziba yake.

Lipo jambo sikuwahi kumwambia kabla hajakata simu. Baba alipanda shamba kubwa mistari ishirini na nane kwa ishirini na nane, na lile dogo kumi na tano kwa kumi na tano. Elfu moja na tisa ina njia moja tu ya kupangwa miraba miwili bila mti kubaki, na njia hiyo ndiyo aliyoipanda. Hakujua. Alitaka tu mistari inyooke. Ukikatwa ule wa pembeni, mraba wake unabaki na pengo.

Nisalimie Zainabu na wadogo zake wawili, shangazi anayekukanda goti, na fundi cherehani wa barazani kwetu. Salum naye msalimie, bado ni kaka yangu.

Hamisi anapitia Dar kwanza, na shoka la Salum liko nyuma ya mlango. Zainabu akinijibu, asinieleze yaliyotokea. Aandike idadi ya mikorosho tu. Ikigawika kwa nane, nitaelewa.

Mwanao,
Rashidi