Sauti ya Levo ya Saba

Jumatatu, 2 Juni

Simu nne asubuhi. Mbili chaji, moja kioo, moja imeingia maji na mwenyewe anaapa ni mvua. Bunda, mwezi wa sita, mvua gani? Nimeifungua, ndani mna mchanga na gamba la samaki. Nimemrudishia simu yake na gamba lake.

Mchana skrini zote tatu za banda langu zilikuwa na watu na hakuna aliyecheza gemu za mpira. Wote wako kwenye Mchunga. Ni gemu ya simu, wanaichomeka kwenye TV. Unachunga ng'ombe kumi na wawili kutoka ufukweni hadi nyumbani, levo saba. Ina wiki tatu tangu itoke. Sijaigusa na sitaigusa. Aliyeitengeneza ni Majura. Alijifunza kushika bisibisi kwenye meza yangu hii. Kompyuta yake ya kwanza nilimpa mimi, kioo kimepasuka lakini inawaka. Halafu akamchukua mdogo wangu Masatu akaenda naye kisiwani Ukerewe kufunga sola. Majura alirudi. Masatu hakurudi. Miaka sita sasa. Namba ya Majura nimeibloki tangu mwezi ule.

Watu wanagombana kuhusu mwisho wa hiyo gemu. Wagombane.

Jumanne, 3 Juni

Haiwezekani kufanya kazi. Kelele tupu.

Mwisho wenyewe nimeuelewa bila kutaka. Ukifika getini na ng'ombe wako, sauti inakuita kutoka nyuma. Ukigeuka, skrini inajaa majivu. Usipogeuka, unaingia ndani, unakuta watu wanakula, na hakuna anayekuona. Uchague lipi, kinachofuata ni kilekile: gemu inafuta kila kitu chako. Saa ishirini za mtu zimekwenda.

Kwenye grupu la wachezaji tuko mia mbili na kumi na mbili. Mimi nimo kwa ajili ya wateja tu. Wakubwa wa ugomvi ni wawili. Bita, karani wa kupima pamba hapa Bunda, anasema Majura alichoka, akafunga hesabu ili auze sehemu ya pili. Mwalimu Bwire wa Musoma, anafundisha hisabati, anasema mchunga amekufa tangu levo ya kwanza na gemu nzima ni safari ya maiti.

Bita kaandika: "Mwalimu, madaftari ya watoto umemaliza kusahihisha, au sasa unasahihisha marehemu?"

Mwalimu kamjibu: "Karani, wewe kaa na mizani yako. Hii haipimwi kwa gunia."

Kisha Mwalimu akatoa ushahidi. Ng'ombe wana vivuli. Mchunga hana.

Nimeangalia kwenye skrini ya mteja, nikijifanya nakagua waya. Viumbe kumi na tatu. Vivuli kumi na viwili. Nimehesabu mara tatu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeipakua. Wateja wanauliza maswali, fundi hawezi kuwa mjinga kuliko wateja. Hiyo ndiyo sababu.

Levo ya tatu ni njia ya Kiriba, karibu na kwetu. Kuna jiwe lenye mgongo wa fisi ambalo tulikuwaga tunapumzikia tukitoka kuchota maji. Lipo. Hata ufa wake upo.

Sijapenda.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefika getini saa sita na dakika arobaini mchana. Nje jua kali, malori ya pamba yanapita. Nilikuwa na spika za masikioni.

Ni kwetu. Bugwema. Kisiki cha mkaratusi kushoto, tangi la maji kulia. Kutoka getini hadi mlangoni ni hatua arobaini na moja, nimezihesabu tangu nikiwa mtoto. Kwenye gemu ni arobaini na moja. Na mlango ni wa bluu. Mlango huo nimeupaka mimi mwenyewe Pasaka hii. Mkaratusi tuliukata mwaka juzi. Majura hajakanyaga pale miaka sita. Nani amemwonyesha?

Halafu sauti ikaita. "Dada, nisubiri."

Nikageuka. Si kwenye gemu. Niligeuka kitini, bandani, mchana kweupe. Kidole nacho kikamgeuza mchunga. Majivu. Imefuta kila kitu.

Ni Masatu. Sihitaji mtu wa kunithibitishia.

Kwenye grupu hilo nalo ni ugomvi. Mchunga ni mwanamume, kwa nini aitwe dada? Bita anasema ni uzembe, sauti ya kuokota mahali. Mwalimu anasema hiyo si sauti inayomwita mchunga, inamwita anayecheza. Wakamcheka. Wakamuuliza yeye ni dada tangu lini. Mimi sikucheka.

Nimetangaza bandani: atakayefika getini aniite kabla hajafanya lolote. Wamefika wanne hadi jioni. Nimesikiliza mara nne. Sekunde mbili kila mara. Nyuma ya sauti kuna maji. Si mvua, si bomba. Maji yanapiga mbao.

Miaka sita nimewaambia watu Masatu yuko machimboni, ana hasira na mimi, atarudi. Siku ile ya mwisho alinipigia mara tatu. Saa nane na dakika sita, na kumi, na kumi na moja. Nilikata zote. Nilikuwa na simu ya mteja mkononi, na nilikuwa nimemkasirikia kwa kuacha meza yangu akamfuata Majura. Hili sijawahi kuliandika.

Jumapili, 8 Juni

Misa sikuenda. Bugwema.

Nilifika mchana. Kwa jirani walikuwa wanachuma pamba, kwetu kimya. Nilisimama getini. Mwanamke mzima, nimejenga banda langu kwa kuchajia watu simu kwa betri ya gari, nimesimama kwenye geti la mama yangu naogopa kutembea. Nilikuwa najua nitaitwa. Nikasema sigeuki. Hatua ya kumi, kitu kilikuwa nyuma yangu. Si mwendo wa mtu. Ni vile unavyojua mtu ameingia chumbani ukiwa umeinama kazini. Ishirini. Thelathini. Nikatazama chini, kivuli changu kipo. Nikafika mlangoni. Sikuitwa. Hilo ndilo lililoniumiza.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Nikamuuliza nani anakujaga hapa.

"Watu wanakujaga. Hapa si kaburini."

"Majura?"

Hakuinua uso. "Kila mwezi. Ananipigia picha za nyumba, ananiletea sukari. Nilimwambia usiambiwe."

Nilipayuka. Nilisema mengi mabaya, mwanamke yule ana miaka sabini. Akaniacha nimalize, kisha akaweka ungo chini. Alisema Majura anayo sauti ya Masatu ya mwisho, ndefu kuliko ile ya kwenye gemu. Mama ameshasikilizishwa. Mimi ndiye nimekataa kila simu, kila mjumbe, hata padri.

"Wewe husikii mtu, unasikia simu. Nikamwambia aitie humo kwenye simu."

Kisha akanionyesha nyuma ya nyumba. Migomba. Mmoja ameufunga kamba ya katani. Kwetu mtu akipotea majini na mwili usionekane, unazikwa mgomba mahali pake. Na anayeukata ni mtoto aliyezaliwa kabla yake, kwa mkono wake, hakuna mwingine. Aliyezaliwa kabla ya Masatu ni mimi. Kamba ile ameshaibadilisha mara nne, mgomba ukizeeka anachagua mwingine.

Anataka azike mtoto wake kabla hajafa yeye. Miaka sita nimemzuia. Nilidhani namtunzia tumaini.

Nimerudi Bunda bila kula.

Jumatano, 11 Juni

Butiama. Majura anakaa nyumba ndogo ya bati, kompyuta nne, mvi kichwani na hajafika arobaini. Aliponiona alisimama na kuvua kofia kama yuko msibani. Sikumsalimia.

"Cheza," nikamwambia.

Ni voisi ya sekunde kumi na moja. Masatu alimtumia siku ile, Majura akiwa ametangulia kuvuka, saa nane na dakika kumi na nne. Dakika tatu baada ya mimi kukata mara ya mwisho. Upepo, maji, mtu anapiga kelele wahamie upande wa pili. Na Masatu, kwa utulivu kabisa, kama anaagiza chai: "Dada hapokei. Kivuko kimeniacha, nimepanda mtumbwi wa injini, tunakuja Kisorya. Mwambie. Dada, nisubiri." Halafu maji tu.

Nilimwambia airudie. Mara tisa. Mara ya tisa Majura alitoka nje.

Aliporudi nikamuuliza kwa nini inafuta kila kitu. Watu wanamtukana nchi nzima.

"Nilitaka mtu akiisikia asiweze kuiweka akiba, dada. Mimi nimeiweka miaka sita. Haifai."

Nikamwambia angekuja bandani kwangu aseme kwa mdomo.

"Nilikuja mara mbili. Ulinirushia koleo."

Ni kweli. Mara ya pili lilimpata.

Nikamuuliza na kivuli. Kwa nini mchunga hana kivuli? Akashangaa. Akafungua kazi yake, akanionyesha. Kivuli kipo. Kimechorwa, kimeunganishwa, kinafanya kazi kwenye kompyuta yake. Nikatoa simu yangu. Hakipo. Tukajaribu simu yake. Hakipo. Mimi ni fundi, nimetafuta kosa saa nzima, mstari kwa mstari. Hakuna kosa. Tukaangaliana. Nikafunga mkoba wangu.

Nimemfungulia namba.

Ijumaa, 13 Juni

Grupu limefika watu mia tatu. Bita ameapa Majura anauza sehemu ya pili Desemba. Mwalimu Bwire ameandika aya kumi na tisa. Mtu wa Musoma amesema mtengenezaji ni mchawi. Wamenitag, wananiuliza fundi unasemaje, kwako ndiko watu wengi wamemaliza.

Niliandika jibu refu. Nikalifuta.

Nikampigia mama. Nimemwambia tuzike Jumamosi ya wiki ijayo. Akasema atawaambia watu wa Kiriba.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeukata. Panga lilikuwa kali, nililinoa mwenyewe. Nilidhani utakuwa laini. Ni laini, lakini una maji mengi, yakanirukia hadi usoni. Uzito ulikuwa wa mtu. Baba mdogo na Majura walishindwa kuubeba wawili, wakaitwa wengine wawili. Mgomba wa urefu ule hauna uzito ule. Najua kukadiria uzito. Wote wanne walitazama mbele.

Tulizika saa tisa mchana. Nilitupa udongo wa kwanza. Nikamwambia kwa sauti kwamba nilikuwa naona anapiga, na nikakata. Mbele ya watu wote. Mama alinishika kiwiko.

Jumapili, 22 Juni

Nimebaki Bugwema. Wageni wameondoka, kiti cha plastiki cha mtu kimesahaulika.

Mama alilala baada ya chakula cha mchana, jambo asilolifanyaga. Nilimchungulia mara mbili. Alikuwa anapumua vizuri, mdomo wazi.

Alipoamka tulikaa nje tukichambua dagaa. Upepo kidogo. Akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. Akasema Masatu alikuwaga mwizi wa ukoko, kila siku sufuria inakutwa nyeupe, na hakuwahi kumkamata hata siku moja. Akacheka.

Nikamwambia mimi ndiye nilikuwa namshikia sufuria.

Akaacha dagaa, akanitazama. "Kumbe ni wewe!"

Nikasema ndiyo, mama. Ni mimi.